Shahada Sandukuni, Sumu Ghalani



Jumamosi moja asubuhi, katika jumuiya mojawapo ya parokia yetu, baada ya Rozari na tafakari ya somo, ilifika zamu ya michango. Zilisomwa harusi tatu. Ndugu zetu walijiandikisha bila kusukumwa: huyu laki moja, yule elfu hamsini, mama mmoja akaahidi masufuria na kuni. Ndipo akasimama binti mmoja mwenye shahada ya kwanza ya sayansi katika biolojia, ambaye tangu amalize chuo miaka minne iliyopita kazi yake ni kuandika uzito wa magunia katika ghala la mfanyabiashara wa mahindi. Alieleza kwa adabu kwamba amempata mwalimu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya aliye tayari kumpokea kwa masomo ya uzamili katika ikolojia, achunguze wadudu na kuvu zinazoharibu nafaka. Ada italipwa, posho atapewa. Kilichokosekana ni pasipoti, mtihani wa Kiingereza na nakala za matokeo yake. "Baba Mwenyekiti," akasema, "naomba jumuiya inikopeshe, nitarudisha."

Kimya kikapita. Kisha mzee mmoja, mtu mwema ambaye hakosi mazishi ya mtu yeyote, akamwuliza: "Mwanangu, shahada ya kwanza imekupa mizani. Hiyo ya pili itakupa nini, gunia?" Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akaketi. Harusi zikaendelea.

Nami nilikuwapo, nikacheka pamoja nao. Ndiyo sababu nimeiomba Tume ya Haki na Amani ya parokia nafasi ya kuandika kurasa hizi.

Mzee wetu alisema nusu ya kweli. Wahitimu wa sayansi ya viumbe wamejaa mitaani. Wapo wanaoendesha bodaboda kutoka hapa hadi Majengo, wapo mawakala wa fedha za simu, wapo wanaofundisha tuisheni kwa malipo ya mkononi yanayotegemea mzazi ameamkaje. Hayo hayabishaniwi. Lakini katika kicheko chetu ilifichika nusu nyingine, nayo ni ya uongo: kwamba kozi yao ndiyo iliyokosewa, kwamba nchi haina haja nao. Hilo nalikataa. Kazi ya mtu anayejua jinsi viumbe wanavyoishi pamoja, wanavyolana na wanavyogeuka kizazi hata kizazi, ipo Dodoma tele kuliko kazi ya fani nyingi tunazozishangilia. Kisichokuwapo ni kiti na mshahara. Na kiti na mshahara havishuki kama mvua. Huamuliwa na watu, katika vikao vyenye mihutasari na bajeti. Jambo likishakuwa ni uamuzi wa watu, Tume ya Haki na Amani inayo ruhusa ya kuuliza.

Tuanze hapa tulipo. Kizota ni mji wa maghala. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yako kwetu, na mbali ya hayo yapo ya watu binafsi, mashine za kusaga na kukoboa, na malori yanayoshusha usiku na mchana. Familia nyingi za jumuiya zetu huishi kwa gunia: kulibeba, kulishona, kulipima, kulisaga. Basi kama upo mtaa katika Tanzania ambao haungepaswa kumcheka mtu anayetaka kujifunza kinachoendelea ndani ya gunia, ni huu.

Mwaka 2016, kuanzia katikati ya mwaka, watu wa Mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kufikishwa zahanati na hospitali wakiwa na macho ya manjano, matumbo yamevimba, wakitapika. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Palikuwa na minong'ono ya kila namna, kama ilivyo desturi yetu ugonjwa usipokuwa na jina. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba ni sumukuvu, nayo ilikuwa katika mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba zao. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameyaona makubwa zaidi mwaka 2004 katika nchi ya Makueni na Kitui, ambako waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Hivyo, kwa miaka 12, habari ilikuwa imekaa jirani yetu ikitusubiri.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yangu. Kuvu inayotoa sumu hii huishi udongoni, na katika nchi yetu kavu inastawi. Mahindi yakipatwa na ukame na joto wakati punje zinajaa, mmea hudhoofika. Mdudu akitoboa gunzi, kuvu hupata mlango. Kisha sisi tunaanika mahindi chini kwenye udongo uleule, tunayaingiza ghalani kabla hayajakauka sawasawa, na dumuzi anamalizia. Dumuzi mwenyewe ni mgeni: asili yake ni Amerika ya Kati, naye alionekana kwetu upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchi nzima. Sumu haionekani kwa macho. Ugali wake hauna ladha tofauti, na moto wa jikoni hauiondoi. Mama anayechambua punje zilizobadilika rangi na zilizopasuka anapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, lakini akiwapa kuku zile alizozitoa, sumu yaweza kumrudia kwa njia ya yai na nyama.

Sasa tazameni dawa ilikotoka. Wachunguzi walibaini kwamba katika shamba lilelile kuvu hizi si moja. Zipo koo zinazotengeneza sumu, na zipo nyingine, ndugu zao kabisa, ambazo katika safari ndefu ya mageuko zimepoteza uwezo huo. Mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Peter Cotty, alionyesha kwamba ukizitawanya kwa wingi zile zisizo na sumu kabla mahindi hayajatoa maua, zitawahi nafasi na chakula, nazo zenye sumu zitakosa pa kukaa. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ikaichukua elimu hiyo na kuifanyia kazi Afrika. Kwa ajili ya Tanzania zilitafutwa koo za kuvu za Tanzania, kutoka udongo na mahindi ya hapahapa, zikapandikizwa juu ya punje za mtama zilizokaangwa zisiote. Dawa hiyo, iitwayo Aflasafe, ilisajiliwa nchini mwaka 2018. Mkulima huirusha shambani kwa mkono kama mbegu. Hakuna muujiza hapo. Ni watu waliokaa miaka wakichota udongo, wakitenganisha kuvu moja na nyingine, wakiuliza ipi ina nguvu juu ya ipi na kwa nini. Sayansi hiyo inaitwa ikolojia na biolojia ya mageuko. Ndiyo aliyoiomba binti yetu, na ndiyo tuliyoicheka.

Tunamjua Yusufu, mwana wa Yakobo. Farao alikuwa na maghala, alikuwa na jeshi, alikuwa na wenye hekima na waaguzi wa kila aina. Mtu pekee aliyejua jinsi ya kuvusha nafaka katika miaka saba ya njaa alikuwa gerezani. Mnyweshaji wa mfalme alikuwa ameombwa amtaje atakapotoka, akamsahau miaka miwili mizima. Misri yote ilikuwa hatarini kwa sababu ya usahaulifu wa mtu mmoja aliyekuwa na ajira nzuri. Nikimwona binti yetu mlangoni pa ghala, kalamu sikioni, akihesabu magunia ambayo angeweza kuyachunguza, simkumbuki Yusufu kama ninavyomkumbuka mnyweshaji, maana mnyweshaji ni sisi.

Gharama ya kuidharau elimu hii mkoa wetu umekwisha kuiona. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilikuja Kongwa kulima karanga, ili watu wake waliotoka vitani wapate mafuta ya kula. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kuichunguza nchi ulitumia wiki chache tu, na sehemu kubwa uliitazama kutoka angani. Zikapangwa ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaja matingatinga, na vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa kama sakafu ya saruji, karanga zikanaswa chini yake. Mvua ikakatika, kama ilivyo tabia yake Ugogoni. Mwaka 1951 mpango ulizikwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda. Mzee yeyote wa Kigogo angeweza kuwaeleza habari za mvua ile kabla tingatinga la kwanza halijashuka melini. Sisemi kwamba mzee huyo alikuwa na shahada. Nasema alikuwa na elimu ya mahali, na kwamba kazi ya msomi wa ikolojia, akiwa ni mtoto wa mahali, ni kuichukua elimu hiyo na kuiweka katika hesabu ambazo wakubwa hawawezi kuzipuuza.

Kondoa nayo ina somo lake, la namna nyingine. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba 1,256. Miti ilirudi, majani yakarudi, makorongo yakaanza kupona. Lakini mfugaji ndiye aliyelipa, maana aliamriwa kabla ya kuulizwa. Watafiti wa Sweden na wa Tanzania waliichunguza ardhi hiyo kwa miaka mingi. Miongoni mwa Watanzania walioandika juu ya Kondoa, na juu ya yale ambayo kuhamia vijijini kulifanya kwa mazingira, ni Profesa Idris Kikula; mwaka 2007 akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Namtaja kwa sababu tumezoea kusema kwamba usomi wa udongo na majani hauna mwisho mwema. Chuo kilicho upande wa pili wa mji wetu kiliongozwa mwanzo wake na msomi wa namna hiyohiyo.

Watu wengine husema: wazungu ndio wenye moyo wa mambo hayo. Hebu tuangalie moyo huo ulivyosaidiwa. Marehemu Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960 kuwatazama sokwe. Hakuwa na shahada yoyote. Louis Leakey, ambaye yeye na mkewe Mary walikuwa wakichimba Olduvai, alimtafutia fedha, akamsemea Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akapokelewa kusomea udaktari wa falsafa bila ya kupitia shahada ya kwanza. Alikuwa na akili na uvumilivu usio wa kawaida, hakuna anayemnyima sifa hiyo. Lakini pia alikuwa na mtu wa kumsemea. Kisha mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati ule, waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe, na wageni wakaondoka. Je, utafiti ulikoma? Haukukoma. Watanzania waliokuwa wasaidizi, watu wa vijiji vya Kigoma, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku, mlimani na mabondeni, wakiandika. Maandishi hayo ni sehemu ya hazina ya sayansi ya dunia. Ni wangapi kati ya walioyaandika walipata mtu wa kuwasemea kama alivyosemewa yule binti wa Kiingereza? Swali hili siliulizi kwa chuki. Naliuliza kwa sababu nchi yenye Serengeti, Olduvai, Gombe na milima ya Usambara haipaswi kuwa nchi ambayo watoto wake hubeba mahema ya watafiti na kurudi nyumbani na shati la zawadi.

Nimesikia na hoja ya imani, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Kwamba masomo ya mageuko ya viumbe yanamtoa kijana kwa Mungu. Ndugu zangu, katika hili tusiwe wakali kuliko Baba Mtakatifu. Papa Pio wa 12, mwaka 1950, aliruhusu wasomi wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Papa Yohane Paulo wa 2, mwezi wa Oktoba 1996, aliwaandikia wanasayansi wa Taasisi ya Kipapa kwamba nadharia ya mageuko haiwezi tena kuhesabiwa kuwa dhana tupu. Mtu aliyeufumbua urithi wa viumbe kwa kupanda njegere bustanini, Gregor Mendel, alikuwa mtawa na padre. Na Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, ameufanya utunzaji wa viumbe kuwa sehemu ya wajibu wetu wa Kikristo. Katekista anayemtisha kijana wa kidato cha tano kwa habari hizi anafundisha jambo ambalo Kanisa halikumtuma.

Turudi kwenye mkate. Huulizwa: wakisoma, wataajiriwa wapi? Nami nauliza: nani leo anafanya kazi yao? Viwavijeshi vamizi waliingia nchini mwaka 2017 na hawajaondoka. Kweleakwelea hushuka juu ya mtama na uwele wetu kwa makundi yanayotia giza, na dawa tunayoijua ni ndege ya kunyunyizia sumu, ambayo haichagui. Tembo wa Swagaswaga huingia mashamba ya Chemba na Kondoa. Mji unakua tangu Serikali ihamie, visima vinachimbwa, korongo linakuwa mtaa, na miti ya kuni inaisha. Kila moja ya hayo ni swali la ikolojia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa usimamizi wa mazingira; lakini imeruhusu ateuliwe au aajiriwe, na penye ruhusa ya kuteua, mwenye kazi nyingine huvikwa kofia ya pili, naye mhitimu akaambiwa nafasi imejaa. Au huambiwa ajitolee kwanza. Neno hili "kujitolea" limenajisiwa. Padre anajitolea, mtawa anajitolea; kijana anayefanya kazi ya kitaalamu mwaka mzima bila nauli, kwa kuwa hana njia nyingine, anatumikishwa.

Nami siwezi kumnyoshea Serikali kidole kwa mkono ulio na doa. Zipo taasisi za Kanisa, sitazitaja, ambazo humpokea mhitimu wa biolojia kama mwalimu, zikamlipa nusu, zikamwambia nusu ya pili atalipwa mbinguni. Tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891 Kanisa limefundisha ujira wa haki. Tuwalipe. Na wamisionari waliotutangulia, ambao walipanda mizabibu Bihawana na kuifahamu nchi hii kame kwa kuijaribu, wangeshangaa kuona parokia zenye mashamba zikiyakodisha kwa msimu ilhali wanao vijana wa kuyachunguza.

Juu ya njia za masomo nitasema kwa ufupi, kwa maana wazazi wengi hawajui kwamba zipo. Uzamili na uzamivu wa fani hizi hufundishwa nchini: Dar es Salaam, Sokoine huko Morogoro, Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Mikopo ya Bodi kwa sehemu kubwa huwaendea wa shahada ya kwanza, hivyo hapo ndipo wengi hukwama. Nje ya nchi zipo fadhili za Ujerumani kwa njia ya DAAD na zile za Jumuiya ya Madola kwa Uingereza. Na katika Sweden, Norway na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Marekani ilikuwa mlango mpana kwa fani hii, lakini siku hizi viza kwa Watanzania imebanwa, na fedha za wafadhili zimepungua tangu shirika lao la misaada lifungwe mwaka 2025. Mlango wenyewe hufunguliwa kwa barua: kijana humwandikia mwalimu anayefanya utafiti anaoupenda, akamweleza kwa kurasa moja au mbili anataka kujua nini na ameona nini kwa macho yake. Hapo binti wa ghalani ana la kusema kuliko mtoto wa London. Anayewaambia mlipe kwanza "ada ya udhamini" ni tapeli. Mleteni kwa Tume.

Tunachoomba kwa Halmashauri ya Jiji na wabunge wetu ni kwamba kila kata yenye soko au maghala ya nafaka iwe na mtaalamu mmoja wa viumbe waharibifu na sumukuvu, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na si kuteuliwa juu ya nyingine. Tunaomba pia kila mtafiti anayekuja kuchunguza ardhi, nafaka au wanyama wa mkoa huu ataje katika maombi yake kijana gani wa hapa atasomeshwa hadi shahada kwa fedha za utafiti huo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo hutoa vibali, inaweza kulifanya sharti hili, na wabunge wanaweza kuliuliza bungeni. Kwa wenyeviti wa jumuiya ombi ni dogo zaidi: katika kila harusi tatu zinazosomwa Jumamosi, lisomwe ombi moja la masomo, na lisomwe la kwanza, watu wakiwa bado na fedha.

Mahitaji ya binti niliyemtaja ni haya. Pasipoti ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza gharama yake hupita laki tano. Nakala za matokeo na kuzituma ni juu yake mwenyewe. Amekwisha kuweka akiba kutoka kwenye ujira wa mizani. Nimekaa katika kamati za harusi za kutosha kujua kwamba fedha hizo hazifiki nusu ya fungu la vinywaji.

Chuo kimempa muda hadi mwisho wa Januari. Daftari liko kwa karani wa parokia, linafunguliwa Jumapili baada ya Misa ya pili. Mzee aliyeuliza habari za gunia alikuja wiki iliyopita bila kuitwa, akaandika jina lake mstari wa kwanza, elfu ishirini. Jina langu ni la pili.